Jinsi ya kulinganisha madarasa ya awali ya shule za serikali mtaani kwako: mwongozo kamili kwa wazazi wa pembezoni mwa Dar es Salaam

Mwanangu wa kwanza alipokuwa darasa la awali, kila siku saa sita kasoro alikuwa anapita mlangoni mbio hadi chooni, begi likiwa bado mgongoni. Ilinichukua karibu muhula mzima kugundua kwamba anabana mkojo tangu asubuhi. Choo cha shuleni kilikuwa cha watoto wakubwa, tundu pana, sakafu imelowa, na yeye aliogopa kutumbukia. Shule hiyo ilisifika mtaa mzima kwa matokeo ya darasa la saba, na sifa hiyo ndiyo iliyonipeleka pale. Darasa la awali lenyewe sikuwahi kuliingia kabla ya kumwandikisha.

Zamu ya mdogo wake ilipofika nilitenga wiki mbili, nikazunguka shule tatu za serikali zilizo upande wetu wa Barabara ya Morogoro. Yote niliyojifunza yanarudi kwenye jambo moja: unachochagua ni chumba kimoja na mwalimu wake. Shule inaweza kufaulisha darasa la saba kila mwaka huku watoto wake wa awali wakikaa sakafuni bila mtu wa kuwaangalia. Na shule isiyo na jina lolote inaweza kuwa na mwalimu wa awali ambaye mzazi yeyote angemtamani.

Naandika nikiwafikiria wazazi wa Kimara, Saranga, Mbezi, Goba, Kwembe na Kibamba, kwa sababu huku ndiko ninakokujua. Mzazi wa Chanika, Bunju au Kigamboni atabadilisha majina ya mitaa tu.

Kwanza, jua haki ya mwanao

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, kwa mwaka mmoja, kabla ya darasa la kwanza. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada na michango ya lazima, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Kwa hiyo shule ya msingi ya serikali inatakiwa kuwa na darasa la awali, na mtoto wa miaka mitano ana nafasi yake humo bila ada. Mwalimu mkuu hakufanyii hisani anapompokea mwanao. Nenda ukiwa na adabu, lakini nenda ukilijua hilo.

Mtoto wa miaka mitatu au minne bado hajafika huko. Wake ni vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, ambavyo husajiliwa kupitia ustawi wa jamii, na kuvilinganisha ni kazi nyingine. Nasema hivi kwa sababu naona wazazi wakiongeza umri wa mtoto ili aingie awali mapema. Darasani hukaa na wenzake waliomzidi mwaka mzima, hawezi kushika chaki wala kufunga vifungo vya kaptula, na mwalimu mwenye watoto mia hana muda wa kumsubiri.

Zipo pia shule chache za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond za Upanga, ambazo hutoza ada. Ukiishi Kibamba, umbali peke yake unatosha kuziondoa kwenye orodha ya mtoto wa miaka mitano.

Hatua ya 1: Tembea njia kabla hujatembelea shule

Andika shule zote za msingi za serikali ambazo mtoto anaweza kuzifikia kwa miguu. Mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa itakutajia zote, pamoja na zile mpya ambazo hujawahi kuzisikia. Usizidharau hizo mpya. Miaka ya karibuni mradi wa serikali uitwao BOOST umejenga shule na madarasa ya awali ya mfano sehemu nyingi za nchi, na baadhi yake yana bembea, viti vidogo na vyoo vya kimo cha watoto.

Kisha amka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mshike mwanao mkono, mtembee hadi kila shule kwa mwendo wake yeye. Dakika kumi na tano zako ni thelathini zake. Angalia mnavuka nini. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha imepanuliwa hadi njia nane, na magari ya mikoani hayapunguzi mwendo kwa sababu ya sare ya shule. Kama shule iko ng'ambo, kuna kivuko cha kweli au watoto wanakimbilia upenyo? Bodaboda zinazopita upande usioruhusiwa zinatokea wapi?

Angalia pia mabonde. Huku kwetu nyumba ziko vilimani na njia za mkato zinashuka mabondeni, na kijito kinachorukwa Januari kinaweza kuwa mto Aprili. Shule mojawapo kati ya zangu tatu ilikuwa ya karibu kuliko zote kwa njia ya bondeni. Nilirudi asubuhi baada ya mvua ya usiku. Magogo mawili yaliyotumika kama daraja hayakuwepo, na watu wazima walikuwa wanavua viatu. Njia ya kuzunguka juu ilikuwa ndefu mara mbili.

Swali ambalo wazazi wengi husahau: nani atamrudisha? Watoto wa awali hutoka mapema, shule nyingi kati ya saa tano na saa sita, wakati kaka au dada wa darasa la nne anatoka mchana. Ile mipango ya "ataenda na kurudi na dada yake" mara nyingi humaanisha mtoto wa miaka mitano anakaa uwanjani kwa saa mbili au tatu, na njaa, akimsubiri dada. Uliza shule kama kuna anayewaangalia watoto hao. Mara nyingi hakuna.

Kama jibu lako ni bajaji ya mkataba, piga hesabu leo. Mimi niliambiwa shilingi 35,000 kwa mwezi, na kwa miezi kumi ya masomo hiyo ni 350,000. Hiyo ndiyo gharama halisi ya shule ya mbali "isiyo na ada".

Hatua ya 2: Nenda siku ya kawaida, saa za masomo

Mwezi mzuri ni Septemba au Oktoba. Januari shule ni vurugu tupu: wazazi foleni ofisini, watoto wanalia, walimu wa awali wanaandika majina kutwa nzima. Utakachokiona siku hizo hakitakuambia lolote. Epuka pia siku ya mahafali, siku ya kikao cha wazazi na siku ambayo kiongozi anatembelea, kwa sababu kila kitu kitakuwa kimefagiliwa.

Fika kama saa mbili na nusu. Anzia ofisini, usianzie darasani. Salimia, saini kitabu cha wageni, jitambulishe kama mzazi wa mtaa huo: "Mwalimu, nina mtoto anaingia awali Januari. Naomba ruhusa nilione darasa kwa nusu saa, nikae nyuma, sitasumbua." Kati ya shule tatu, mbili zilinikubalia hapo hapo. Ya tatu waliniambia nirudi wiki inayofuata, nikarudi, wakanikaribisha vizuri. Ukikataliwa mara ya pili, mtafute mjumbe wa kamati ya shule anayewakilisha wazazi umuulize kulikoni. Shule haiwezi kuwa na mlango wazi kwa mzazi baadaye kama umefungwa kwake leo.

Hatua ya 3: Ndani ya darasa

Hapa ndipo utumie muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

Hesabu vichwa. Halafu uliza walioandikishwa kwenye daftari la mahudhurio ni wangapi, na walimu ni wangapi. Kiwango kilichowekwa kwa awali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Nikuambie ukweli ili usikate tamaa: kwenye mitaa inayojaa haraka kama yetu, darasa la watoto themanini au mia na zaidi si ajabu. Ukizunguka kutafuta 25 utarudi nyumbani mikono mitupu. Kitu cha kulinganisha ni namna mwalimu na shule wanavyokabiliana na huo wingi. Wamewagawa mikondo? Wanaingia kwa zamu? Kuna mwalimu msaidizi? Ndani ya chumba kuna makundi, au wote wanakabili ubao kama mkutano wa hadhara?

Katika shule ya pili nilihesabu watoto 87 na walimu wawili. Mmoja alikuwa mbele na nusu ya darasa wakiimba na kupiga makofi kwa idadi. Mwingine alikuwa ameketi kwenye jamvi na watoto kama kumi na tano, katikati yao rundo la vizibo vya soda. Alimwambia mtoto mmoja, "Niletee vitano." Mtoto akaleta vinne. Mwalimu hakusema amekosea. Alivipanga mstari mmoja, akamshika kidole, wakahesabu pamoja hadi vinne, kisha akakaa kimya akimtazama. Mtoto akageuka, akachukua kimoja. Baada ya kama dakika kumi na tano makundi yakabadilishana. Nilijua nimepata nilichokuwa nakitafuta, ingawa rangi ya ukuta ilikuwa imebabuka na dirisha moja halikuwa na wavu.

Shule ya kwanza ilikuwa na jengo zuri zaidi. Kwa nusu saa yote watoto walinakili "a, e, i, o, u" kutoka ubaoni, kimya kabisa, na mwalimu akiwa mezani anasahihisha madaftari ya darasa la pili. Alikuwa amepewa vipindi huko pia. Sikumlaumu yeye. Lakini wazazi wengi wangesifia ule ukimya, na ndiyo maana nakusihi uwe makini nao. Mtaala wa awali ulioanza kutumika Januari 2024 unataka mtoto ajifunze kwa michezo, nyimbo, hadithi na vitendo. Kuandika kurasa nzima kunasubiri.

Tazama kona za ujifunzaji: kona ya duka yenye makopo matupu na mizani ya vifuu, kona ya nyumbani, kona ya vitabu, kona ya hesabu. Kisha tazama kama zinaguswa. Kona zenye vumbi, vitu vimepangwa kwa ustadi na hakuna hata kopo lililobonyea, zimewekwa kwa ajili ya mkaguzi. Kona nzuri huwa imevurugika kidogo.

Tazama macho ya mwalimu. Je, anamwona mtoto wa nyuma anayesinzia? Anawajua kwa majina? Mtoto akijikojolea, nini kinatokea? Mimi niliona mwalimu akimtoa mtoto nje kimya kimya, mkono begani, na darasa likaendelea kuimba. Nilijifunza mengi kwa hilo kuliko kwa maswali yangu yote.

Akipata nafasi, mwulize mambo machache tu. Amesomea elimu ya awali au amehamishiwa kutoka madarasa ya juu? Ni mwajiriwa au anajitolea? Yuko na darasa hili tangu lini? Na hili la mwisho ndilo zito: akiugua au akienda likizo ya uzazi, nani anaingia? Shule yenye jibu la jina la mtu ina mpango. Shule inayojibu "tutaangalia" itamwacha mwanao na kiranja wa darasa la sita.

Usimshushie alama mwalimu kwa kufundisha Kiswahili. Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia awali katika shule za serikali, na mtoto anayeweza kusimulia alichofanya jana kwa lugha anayoijua ana msingi ambao lugha ya pili itasimama juu yake. Naona majirani wakijinyima kulipia shule za vidudu za Kiingereza ambako mtoto anakariri siku za wiki asizozielewa, nami husikitika.

Hatua ya 4: Choo, maji na uji

Omba kuviona vyoo, na uingie. Mwongozo wa taifa wa usafi shuleni unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hesabu matundu, gawanya. Halafu chuchumaa kwa macho ya mtoto wa miaka mitano: tundu lina upana gani? Mlango anaweza kuufunga na kuufungua mwenyewe? Kuna choo cha awali peke yao au wanachanganyika na wa darasa la saba? Nani anawasindikiza?

Maji ya kunawa yako wapi? Kibuyu chirizi (dumu lililoning'inizwa la kunawia) chenye maji ni bora kuliko sinki la kigae lililokauka. Fungua, uone kama yanatoka.

Uji unastahili mazungumzo marefu kidogo, kwa kuwa unakuonyesha tabia ya shule. Awali bila uji ni mateso. Mtoto aliyeondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu hana kitu tumboni ifikapo saa nne. Uji hutokana na makubaliano ya wazazi, na kiasi hutofautiana. Uliza kinachochangwa ni nini, nani anashika fedha, nani anapika, risiti zinatolewa? Kisha uliza: mtoto ambaye mzazi wake hajachangia anakunywa au anatazama wenzake? Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima katika shule za serikali, na kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango hakukubaliki. Mwalimu mkuu mmoja alinijibu, "Hapa sufuria ni moja, mama. Deni ni la mzazi, si la mtoto." Jibu hilo liliongeza alama nyingi kwenye daftari langu.

Hatua ya 5: Uliza kuhusu fimbo

Wengi huona haya. Uliza. Kanuni zenyewe zinataka kiboko kitolewe na mwalimu mkuu au mtu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe. Hakuna sababu ya mwalimu wa awali kutembea na fimbo mkononi kutwa nzima. Ukiiona mezani, tazama watoto wanapopita karibu nayo. Wakikwepesha bega, umeshajibiwa.

Kama mwanao ana ulemavu, au hasikii vizuri, au amechelewa kuongea, sema hilo siku ya kwanza. Uliza kama shule au jirani yake kuna kitengo cha elimu maalumu na mwalimu aliyesomea. Kwa mtoto huyo, jibu hili linapita vigezo vyote vingine, hata umbali.

Hatua ya 6: Simama getini saa tano

Watoto wanapotoka utakutana na mama, bibi na madada wa kazi waliokuja kuwachukua. Usiwaulize kama shule ni nzuri, watasema nzuri. Uliza: "Mwalimu wa wadogo anaitwa nani? Jana walifanya nini? Mwezi huu mmechangia nini?" Mzazi asiyelijua jina la mwalimu si tatizo. Wazazi sita wasiolijua ni tatizo.

Watazame na watoto wenyewe. Wanatoka wakiwa wamechoka kwa kucheza au wamepooza? Nani anahakikisha kila mtoto amechukuliwa na mtu wake? Shule yangu ya tatu iliwaachia wote kwa pamoja kengele ilipolia, geti wazi, barabara hatua ishirini mbele.

Hatua ya 7: Weka kwenye karatasi

Chukua ukurasa wa daftari, andika majina ya shule juu. Anza na mambo matatu yasiyosameheka: njia isiyo ya hatari, choo ambacho mtoto anaweza kukitumia, na mwalimu anayekaa na darasa lake. Shule ikikosa mojawapo na hakuna dalili ya kurekebishwa, ifute, hata kama ina bembea. Zilizobaki zipe alama moja hadi tano kwa idadi ya watoto kwa mwalimu, kujifunza kwa vitendo, uji, usalama wa getini, na gharama ya mwaka mzima ukijumlisha sare, viatu, begi, uji na usafiri. Matokeo ya darasa la saba unaweza kuyaandika pembeni, lakini usiyape alama. Yanaeleza kazi ya walimu wengine, miaka mingi mbele.

Kwangu, ya kwanza ilianguka kwa mwalimu aliyegawanywa. Ya tatu ilianguka kwa geti, na njia yake ndiyo ile ya bondeni. Nilibaki na ya rangi iliyobabuka.

Hatua ya 8: Andikisha mapema, kisha fuatilia

Uandikishaji hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka na huendelea baada ya shule kufunguliwa Januari. Usisubiri. Darasa linalosifika hujaa, na watakaokuja Februari huongezwa kwenye mkondo wenye wingi. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kama bado hakijatoka, anza kukifuatilia mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, na kwa sasa nenda na kadi ya kliniki umweleze mwalimu mkuu. Ukizungushwa bila sababu, ngazi inayofuata ni Afisa Elimu Kata, ambaye ofisi yake mara nyingi iko kwenye ofisi ya kata au ndani ya mojawapo ya shule.

Wiki mbili za kwanza mpeleke mwenyewe ukiweza, hata kama kazini watanuna. Mweleze mwalimu jambo moja kuhusu mwanao ambalo hawezi kuliona: anaogopa giza, hasikii vizuri sikio la kushoto, hapendi kusema anapotaka kujisaidia. Akirudi nyumbani usimuulize "umejifunza nini". Atakujibu "hamna kitu". Muulize amekaa karibu na nani, uji ulikuwa wa moto, na nani alimpeleka chooni.

Majibu yakikutia wasiwasi, rudi shuleni ndani ya wiki, anza na mwalimu wa darasa kabla ya mwalimu mkuu. Na ikibidi kuhama, hama muhula wa kwanza, kabla mtoto hajaamini kwamba shule ndiyo ilivyo.

Mdogo alirudi wiki ya tatu na vizibo viwili mfukoni. Mwalimu alikuwa amemwambia atafute vitatu nyumbani, kesho alete vitano. Tulivitafuta hadi kwa mangi wa dukani.